Sindano iliyochelewa miaka ishirini: kisa cha Iain Chalmers

Mama mwenye mimba ya wiki 30 akifika leba na uchungu, hospitali iliyojipanga inajua la kufanya. Anachomwa deksamethasoni ya msuli, miligramu 6, kila baada ya saa 12, hadi dozi nne. Dawa hiyo haimtibu mama. Inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto na kuyaharakisha mapafu yake kukomaa, ili akizaliwa njiti aweze kupumua. Ni dawa ya bei ndogo na haihitaji mashine yoyote. Ushahidi wa kwanza wa maana kwamba sindano za aina hii zinaokoa watoto ulichapishwa mwaka 1972, lakini madaktari wengi wa uzazi, hata katika nchi tajiri, walikuja kuzitumia kama jambo la kawaida katikati ya miaka ya 1990. Hapa katikati kuna zaidi ya miaka 20. Sir Iain Chalmers, daktari wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1943, ameitumia karibu kazi yake yote kuuliza miaka kama hiyo inapotelea wapi.

Tuanze na kondoo. Graham Liggins, mtafiti wa Auckland, New Zealand, alikuwa anachunguza nini kinachoanzisha uchungu. Aliwapa wanakondoo waliokuwa bado tumboni homoni za steroidi, wakazaliwa kabla ya wakati, na akashangaa kuona mwanakondoo ambaye kwa umri wake hakupaswa kuishi anahema. Mapafu yake yalikuwa yamefunguka kiasi. Liggins akaungana na daktari wa watoto, Ross Howie, wakafanya jaribio kwa kina mama 282 waliokuwa hatarini kujifungua mapema. Waligawanywa kwa kura: nusu walipewa betamethasoni, steroidi ya kundi moja na deksamethasoni, nusu dawa ya kulinganishia. Katika kikundi cha betamethasoni, asilimia 9 ya watoto walipata shida kubwa ya kupumua. Upande wa pili ni asilimia 25.8. Vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 dhidi ya 15.

Ukisoma namba hizo leo unajiuliza walikuwa wanasubiri nini tena. Lakini jaribio moja la watu 282 si hoja ya kubadilisha taratibu za dunia nzima, na madaktari walikuwa na hofu za haki: je, steroidi hazitaleta maambukizi kwa mama? Hazitamdumaza mtoto? Kwa hiyo watafiti wengine wakarudia, na hadi hapo mambo yalikuwa sawa. Tatizo ni kwamba kila mmoja alirudia kivyake, na wengi kwa idadi ndogo. Jaribio dogo lina udhaifu wake: hata kama dawa inafanya kazi, watoto wanaokufa ni wachache mno kwa hesabu kuweza kutofautisha dawa na bahati. Basi hospitali moja ilitangaza kwamba inasaidia, nyingine ikasema tofauti haikuonekana wazi, ya tatu ikasema utafiti zaidi unahitajika. Daktari aliyesoma ripoti hizo moja moja, kadiri zilivyotoka, alibaki na picha kwamba wataalamu hawajakubaliana. Akiwa mtu wa tahadhari, aliacha. Na majaribio yakaendelea, kina mama wengine wakiingizwa kwenye kikundi kisichopewa dawa wakati jibu lilikuwa limeshapatikana, ila limetawanyika kwenye majarida mbalimbali bila mtu wa kulikusanya.

Chalmers alikuwa na sababu yake binafsi ya kuchukia hali hiyo, naye ameieleza hadharani mara nyingi. Alihitimu udaktari London mwaka 1966, na mwishoni mwa muongo huo akaenda kufanya kazi kwenye kliniki ya wakimbizi wa Kipalestina huko Gaza. Watoto wenye surua walikuwa wengi. Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba surua ni virusi, na virusi havisikii antibayotiki. Kwa hiyo usimpe mtoto antibayotiki mpaka uone dalili za maambukizi ya bakteria. Ni mafundisho yanayoingia akilini kabisa. Aliyafuata, na baadhi ya watoto wale walikufa. Miaka baadaye akagundua kwamba kabla hata hajatua Gaza kulikuwa na majaribio kadhaa yaliyoonyesha kwamba kuwapa watoto wa surua antibayotiki mapema kulipunguza nimonia na madhara mengine ya bakteria. Hakuna aliyekuwa ameyakusanya na kuyaweka mahali ambapo daktari kijana angeyakuta. Maneno ya kujitetea yalikuwepo, kwamba alifuata mafundisho. Yeye aliona kwamba hapo ndipo penye ubaya: alifuata mafundisho.

Aliporudi Uingereza aliingia kwenye uzazi, mjini Cardiff. Huko alikuta mabingwa wawili wanaohudumia wanawake wa mji mmoja, katika hospitali moja, kwa misimamo tofauti: mmoja mwepesi wa kuanzisha uchungu kwa dawa na kutumia mitambo, mwenzake mzito. Mama alipata huduma ya aina fulani kutegemea ameangukia kliniki ya nani. Chalmers na wenzake wakalinganisha matokeo ya pande zote mbili, na hawakuona faida ya wazi upande wa yule mwepesi. Aliyefanya kazi wodini anajua jinsi swali la namna hii linavyokera wakubwa. Kauli ya bosi ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Mwaka 1978 akapewa kuongoza kituo kipya cha takwimu na utafiti wa uzazi mjini Oxford, kikilipiwa na serikali. Alikuwa na miaka 35. Mwaka uliofuata Archie Cochrane, daktari mzee kutoka Scotland aliyekuwa ameshaandika kitabu cha kuihoji huduma ya afya ya Uingereza, akautangaza uzazi kuwa ndio tawi la tiba linaloburuta mkia kwa kutotumia majaribio ya kura. Cochrane pia aliilaumu taaluma nzima kwa kushindwa kutengeneza muhtasari wa majaribio yote, fani kwa fani, na kuusahihisha kila mara. Wengi waliisikia lawama hiyo, Chalmers akaifanya ratiba ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Walipekua majarida toleo kwa toleo, kurasa kwa kurasa, kuanzia mwaka 1950, wakitafuta kila jaribio la uzazi na watoto wachanga. Wakahisi kwamba mengine hayakuwahi kuchapishwa, wakaandika barua kwa madaktari zaidi ya 40,000 wa uzazi na watoto katika nchi 18: je, unalo jaribio lililolala kabatini? Waliojibu kwa kutaja majaribio yasiyochapishwa walikuwa mia kadhaa tu, na karibu yote yalikuwa bado yanaendelea au yamekwisha juzijuzi. Ya zamani hayakujitokeza. Nadhani ukimya ule ulimfunza Chalmers zaidi ya majibu aliyoyapata. Mwaka 1990 aliandika katika jarida la madaktari wa Marekani kwamba kutochapisha matokeo ya utafiti ni utovu wa maadili ya kisayansi, sawa na makosa mengine tunayoyakemea. Hoja yake ni nyepesi kuifuata: mgonjwa amekubali kujitoa kwa sababu ameambiwa atawasaidia wengine, ukiyafungia matokeo, umemdanganya.

Mwaka 1989 kulitoka vitabu vikubwa viwili vya huduma ya mimba na uzazi, alivyovihariri pamoja na Murray Enkin na Marc Keirse, na toleo fupi kwa ajili ya watu wa kazini. Mwisho wake waliweka orodha bila kumung'unya maneno: haya yanasaidia, haya hatujui, haya yaachwe. Kwenye fungu la kuachwa yalikuwemo mambo ambayo mama zetu wengi waliyapitia: kunyolewa kabla ya kujifungua, kupigwa enema, na kuongezewa njia kila mtu bila sababu. Orodha iliwauma waliozizoea taratibu hizo, na baadhi ya wodi zetu zilichukua miongo mingine kuzifuta.

Humo ndimo sindano ya njiti ilipopata haki yake. Patricia Crowley, daktari wa uzazi wa Dublin, aliyakusanya majaribio ya steroidi, na yeye, Chalmers na Keirse wakachapisha mapitio yake rasmi mwaka 1990: majaribio 12, kina mama zaidi ya 3,000. Yakipangwa pamoja, ubishi uliisha. Dawa ilipunguza vifo vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati kwa kati ya asilimia 30 na 50. Baya zaidi ni hesabu ya kurudi nyuma: kama mtu angeyakusanya yaliyokuwepo miaka ya mwanzo ya 1980, angeona jibu hilohilo. Makadirio ya Chalmers na wenzake ni kwamba makumi ya maelfu ya watoto waliteseka au kufa bila sababu katika kipindi hicho.

Mchoro wa hesabu hiyo ndio uliogeuzwa kuwa nembo ya shirika la Cochrane. Uitazame vizuri ukiiona. Katikati ya duara kuna mstari wima. Huo ndio mpaka wa kutokuwa na tofauti. Mistari saba ya mlalo inawakilisha majaribio saba yaliyokuwepo miaka ya mwanzo ya 1980, na urefu wa kila mmoja ni kiasi cha mashaka yake: mrefu ni jaribio dogo, mfupi ni kubwa. Mitano inaugusa au kuuvuka mstari wima, yaani kila mmoja peke yake hauthibitishi kitu. Miwili tu imesimama upande wa kushoto kabisa, ambako dawa inaokoa. Chini yake kuna alama ndogo ya almasi, jumla ya yote saba, nayo imekaa kushoto, mbali na mpaka. Sijaona shirika jingine la hisani lililoichukua aibu ya taaluma yake na kuifanya nembo.

Shirika hilo lilianzishwa Oxford mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya Chalmers kufungua kituo chenye jina hilohilo kwa fedha za huduma ya afya ya taifa. Lilisajiliwa kama shirika la hisani, kazi yake ikiwa kufanya kwa tiba zote kile kilichofanywa kwa uzazi: kukusanya majaribio, kuyapima ubora, kujumlisha, na kurudia kila ushahidi mpya unapotoka. Jina ni la mzee Archie, aliyefariki mwaka 1988 bila kuliona. Na Chalmers hakulishikilia. Mwaka 2002 aliondoka kituoni, akaanzisha maktaba ya mtandaoni ya historia ya majaribio ya tiba, na mwaka 2004 akashirikiana na wengine kuunda ubia uitwao James Lind Alliance, unaowakalisha wagonjwa, walezi na madaktari meza moja wachague maswali kumi ambayo watafiti wanapaswa kuyashughulikia kwanza. Viongozi wa mashirika yetu wanaong'ang'ania kiti mpaka wafadhili wachoke wana cha kutazama hapo.

Mwaka 2009 yeye na Paul Glasziou waliandika kwenye jarida la Lancet kwamba karibu asilimia 85 ya uwekezaji katika utafiti wa tiba hupotea bure. Namba hiyo imenukuliwa mno, na mara nyingi kana kwamba mtu aliipima kwa mizani. Haikupimwa hivyo. Ni makadirio ya kuzidisha: karibu nusu ya tafiti hazichapishwi, zilizobaki, karibu nusu zina kasoro ambazo zingeepukika, na kati ya zinazotoka, karibu nusu zimeandikwa vibaya kiasi cha kutotumika. Nusu ya nusu ya nusu inabakiza kama asilimia 12. Binafsi naona hoja ina nguvu bila hata namba, na namba imeifanya ionekane ya uhakika kuliko ilivyo. Ajabu kidogo, kwa mtu aliyewafunza wengine kutaja mashaka yao.

Hadi hapo kisa kinasomeka kama ushindi mtupu. Kisha kikafika Kenya.

Baada ya sindano kukubalika katika nchi tajiri, hoja ilikuwa rahisi: watoto njiti wengi wanaokufa wako Afrika na Asia, basi dawa ipelekwe hadi zahanati za vijijini. Jaribio kubwa lililoitwa ACT likafanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, pamoja na India, Pakistan, Argentina na Guatemala. Lilihusisha karibu watoto 100,000. Wahudumu wa ngazi ya chini walifundishwa kumtambua mama anayeelekea kujifungua mapema na kumchoma deksamethasoni. Mama asiyejua tarehe ya hedhi yake ya mwisho alipimwa kimo cha tumbo kwa utepe wenye rangi, na rangi ikaonyesha kama mimba imo kwenye wiki za kupewa dawa.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa mwaka 2014, yakawashtua wengi. Kwa watoto wadogo kabisa, ambao dawa ililengwa kwao, vifo havikupungua. Ukihesabu watoto wote, maeneo yaliyopewa dawa yalipata vifo 3.5 zaidi kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Maambukizi kwa kina mama yaliongezeka pia.

Ilikuwaje dawa iliyothibitishwa na majaribio zaidi ya kumi ifanye hivyo? Utepe ni sehemu ya maelezo. Kimo cha tumbo kinadanganya: mtoto mdogo wa wiki 37 anafanana na wa wiki 33. Wengi waliochomwa hawakuzaa njiti, na watoto wao walipata madhara ya steroidi bila faida yake. Halafu mapafu kukomaa peke yake hakutoshi. Kule Auckland mtoto aliyesaidiwa na sindano alipokelewa na wodi yenye joto, oksijeni na muuguzi. Majaribio yote kwenye ile nembo yalibeba hospitali ndani yake bila kuitaja, na mtu akiyajumlisha anaipata dawa lakini hospitali haionekani kwenye mstari wowote. Mapitio yalikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa, ila swali la zahanati ya kijijini lilikuwa jingine.

Kwangu mimi hapa ndipo msimamo wa Chalmers ulipopata mtihani wake wa kweli, japo jaribio lenyewe halikuwa lake. Kulikuwa na njia mbili za kuvunja adabu ya utafiti. Ya kwanza ni kung'ang'ania nembo na kudai kwamba ACT ilikosewa. Ya pili ni kuitupa dawa na kusema haiwafai Waafrika. Shirika la Afya Duniani halikuchukua yoyote. Mwaka 2015 liliweka masharti: itolewe pale tu ambapo umri wa mimba unajulikana kwa usahihi, hakuna dalili za maambukizi kwa mama, na huduma ya kutosha ya uzazi na ya mtoto njiti ipo. Kisha likaanzisha jaribio jipya, safari hii hospitalini tu, katika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Hospitali 29, kina mama 2,852, umri wa mimba ukithibitishwa kwa altrasaundi. Nusu walipewa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na steroidi. Wapo waliolalamika kwamba si haki kumnyima mama dawa inayojulikana; lakini baada ya ACT hakuna aliyeweza kusema kwa uaminifu kwamba inajulikana, kwa mama huyu, katika hospitali hii.

Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa deksamethasoni na 23.5 kwa wasiopewa. Maambukizi kwa mama hayakuongezeka. Kwa kila kina mama 25 waliotibiwa, mtoto mmoja aliokolewa. Lakini usiipite haraka ile asilimia 19.6: hata pamoja na sindano, karibu mtoto mmoja kati ya watano alikufa. Sindano haijengi wodi.

Shirika la Cochrane lenyewe halikubaki salama. Mwaka 2018 bodi ya Cochrane ilimfukuza mmoja wa waasisi wake, Peter Gøtzsche wa Denmark, na wajumbe wanne wa bodi wakajiuzulu kwa kupinga. Mwaka 2023 fedha za serikali ya Uingereza zilizokuwa zikiendesha vikundi vyake vya uhariri nchini humo zikakoma. Kazi ya kujumlisha ushahidi inategemea sana watu wanaojitolea, na kila mtu anaipenda mpaka bili ifike.

Chalmers alikuwa ameshageukia hadhira nyingine. Alianza kuona kwamba kuwafundisha madaktari kupima madai kumechelewa, waanzwe watoto. Akiwa na Andy Oxman wa Norway, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Allen Nsangi, Daniel Semakula na Profesa Nelson Sewankambo, walitengeneza kitabu cha katuni kwa ajili ya shule za msingi za Uganda. Ndani yake kuna mtoto aliyeungua na rafiki anayemshauri apake kinyesi cha ng'ombe, na kuna ndege, Kasuku, anayerudia kila anachosikia. Watoto wanajifunza kuuliza: umejuaje? Umelinganisha na nini? Walinganishwaji walikuwa wangapi?

Na kwa kuwa ni watu walewale, hawakukigawa kitabu na kupiga picha na wafadhili. Walikifanyia jaribio la kura: shule 120 za Uganda ya kati, watoto zaidi ya 10,000, vipindi tisa vya dakika 80. Waliofaulu mtihani ni asilimia 69 katika shule zilizofundishwa, na 27 katika zisizofundishwa. Mwaka mmoja baadaye waliwapima tena, wakakuta 80 kwa 51. Pengo lilikuwa limepungua, kwa sababu watoto wa upande wa pili nao walipanda, nao wakaliandika hivyohivyo kwenye ripoti. Kazi kama hiyo ikaendelea kwenye sekondari za Kenya, Uganda na Rwanda, ambako ugumu mkubwa umekuwa ratiba: mwalimu mwenye mtaala wa kumaliza kabla ya mtihani wa taifa anauliza vipindi hivi vitaingia wapi.